Mtu Aliyekataa Kupita

Wateja wake walimwita Fundi Sindano, na jina hilo alilipata kihalali. Ukimwita nyumbani kwako kwamba cherehani imegoma, inakata uzi, inaruka mishono, inalia kama ina mafua, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa sindano, kuitazama kwenye mwanga na kuitupa kwenye kopo lake. "Tuanzie hapa," alikuwa akisema. "Ya tumboni tutayajua baadaye." Mara nyingi cherehani ilipona palepale. Basi akaona haya kuondoka mapema hivyo, akaifungua, akaisafisha, akaitia mafuta, ili mwenye nyumba asijione mjinga kwa kumsumbua.

Hata mke alimpata kwa njia hiyo. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, ana cherehani moja nyeusi ya kukanyaga, na cherehani ile ikaanza kuharibika kila wiki. Fundi alienda, akafungua, akafunga, hakuona ubaya. Wiki iliyofuata akaitwa tena. Mwishowe mshonaji mwenyewe akamwambia, "Fundi, wewe ni hodari wa vyuma tu. Mambo mengine mpaka uandikiwe ubaoni?" Walipooana cherehani ile haikuharibika tena.

Kwa miaka mingi alizunguka kwa miguu, sanduku la vifaa begani, mpaka bega moja likawa chini kuliko lingine. Wateja walipohamia mitaa ya mbali, ile iliyojengwa ng'ambo ya barabara kuu, mkewe akasema sasa imetosha, wakatafuta pikipiki iliyokwisha kutumika. Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, kiti kimepasuka, kifuniko cha cheni kimevunjika na hakipo. Lakini injini ilikuwa nzima, na fundi aliisikiliza kama anavyosikiliza cherehani, kichwa upande mmoja, akasema itafaa.

Aliyemfundisha kuendesha ni shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa maneno mengi aliyewahi kubeba abiria kwa pikipiki kabla hajafungua duka la vipuri. Walianzia kwenye uwanja wa shule siku za mapumziko. Kuwasha, kuachia klachi, kukata kona, hayo fundi aliyashika upesi. Kilichomsumbua ni kupita wengine.

"Shemeji, kupita mtu barabarani ni sawa na kukatiza sebule ya watu waliokaa," yule bwana alimweleza. "Utaingia tu kimya kimya na kuwarukia miguu?"

"Nitapiga hodi."

"Ehe! Na hodi ya barabarani ndiyo honi, lakini honi fupi, siyo ya kumgombeza mtu. Kwanza unatazama kioo chako, usije ukawa wewe unataka kupita na kuna mwingine anakupita wewe. Halafu geuza shingo kidogo, kioo nacho huficha. Washa indiketa. Piga hodi. Pita upande wa katikati ya barabara, usimpite mtu upande wa mtaroni hata siku moja, huko ndiko atakakokimbilia akishtuka. Muachie nafasi ya kutosha, kama vile amebeba bakuli la uji wa moto. Na usirudi mbele yake mpaka umwone mzimamzima kwenye kioo chako."

"Na nikipitwa mimi?"

Shemeji akacheka mpaka akashika mbavu. "Wewe ndiyo utapitwa kila siku, nakuona! Ukipitwa, kaa kwenye mstari wako, usiongeze mwendo, usijitie umwamba. Mpungie, apite, aende zake. Hajakuchukulia mke."

Fundi akayashika yale maneno kama alivyoyapokea, na kweli akawa mtu wa kupitwa. Aliendesha akiwa amekaa wima, viwiko vimebanwa, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Wengi walimpita vizuri. Wapo waliomwinulia mguu kidogo, maana mkono umeshika usukani, nayo ilikuwa asante ya kutosha. Fundi alipenda sana kule kuinuliwa mguu. Alikuwa akifika nyumbani na kumwambia mkewe, "Leo wameniinulia wengi."

Lakini wapo pia waliompita kama upepo wa shari. Asubuhi moja vijana watatu walimjia kwa nyuma bila hodi, wawili wakapita upande wa katikati na mmoja akachomoka upande wa mtaroni, kiwiko chake kikagonga kioo cha fundi kikageuka kikatazama mbingu. Yule wa mwisho akageuka na kupiga kelele, "Sogea, konokono!" Fundi aliyumba, akasimama pembeni, akakirudisha kioo mahali pake. Hakumwambia mkewe. Lakini tangu siku ile, kila aliposikia honi nyuma yake, shingo ilikakamaa, na kitu fulani ndani yake kilisema, haya, wamekuja tena.

Ni katika siku hizo hizo mama mkwe wake alipokuja kukaa nao. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho, yote mawili. Alikuwa akiona watu kama nguo zilizoanikwa, hivi ndivyo alivyoeleza mwenyewe. Alimwaga chai pembeni ya kikombe, aliwasalimia makabati. Binti yake akashikilia apelekwe hospitali ya macho, tarehe ikapangwa, na asubuhi ya siku hiyo ikaonekana kwamba mkewe fundi hawezi kuondoka. Alikuwa na sare za shule nzima za kukamilisha, na wazazi walikwisha kuanza kubisha mlangoni.

"Baba watoto, si umpeleke wewe na pikipiki?" akasema, mdomo umebana pini.

Fundi alitazama sakafu. Mkwe ni mkwe. Mtu ambaye hata kikombe humpokei kwa mkono mmoja, leo umpakie nyuma ya mgongo wako! Mama mkwe naye aliwaza hayo hayo, maana alipopanda alikaa upande, miguu yote imening'inia upande mmoja, akashika chuma cha keria nyuma yake kwa mikono miwili na kuacha kati yake na mgongo wa fundi nafasi ya kukaa mtoto mkubwa.

"Mama, umekaa vizuri?" fundi akauliza bila kugeuka.

"Nimekaa, baba. Wewe twende."

Wangekuwa ni watu wengine, angewaambia shikeni kiuno, ketini mguu huku na mguu huku, bananisheni nguo. Kwa mama mkwe ulimi ulikataa. Yule mama alikuwa amejitanda shali yake nzito ya kahawia yenye matamvua marefu, maana asubuhi ilikuwa na baridi, ncha moja ameizungusha shingoni na nyingine imeanguka mgongoni. Fundi hakuiona ile iliyoanguka. Mama mwenyewe hakuiona, hakuona chochote. Wakaondoka.

Walipoingia barabara kuu fundi alizidi kupunguza mwendo. Magari yalikuwa mengi. Baada ya kuvuka daraja akasikia honi nyuma yake, mbili fupi. Akatazama kioo. Pikipiki moja ilikuwa inakuja, nyuma yake imepakia mayai, trei juu ya trei mpaka zimepita kichwa cha mwendeshaji, zimefungwa kwa mipira. Fundi alisogea pembeni kidogo, akapunga mkono: pita.

Hakupita. Honi ikalia tena.

Fundi akapunga tena, safari hii kwa nguvu. Barabara mbele ilikuwa nyeupe, hakuna gari linalokuja. Huyu anataka nini? Taa ikawaka nyuma yake, ikazima, ikawaka, ikazima. Honi, honi. Ule moto wa asubuhi ya wale vijana ukampanda kifuani. Kumbe hata watu wa mayai nao wamejiunga! Nina mzee mgonjwa nyuma, nimekuachia njia, bado unanipigia kelele? Badala ya kupunguza, akaongeza mafuta.

Ule upepo ulioongezeka ndio uliifungua shali. Ncha ya mgongoni ikapeperuka, ikashuka, matamvua yakaanza kucheza jirani na gurudumu, upande uleule wa cheni isiyo na kifuniko.

Mtu wa mayai naye akaongeza mwendo. Akaja sambamba nao, lakini kwa mbali, akiwa amewaachia nafasi pana, akajipigapiga begani kwa mkono mmoja na kuelekeza kidole chini, begani, chini, begani, chini. Mdomo wake ulikuwa unasema kitu ndani ya helmeti. Fundi alimtupia jicho moja akaona anadhihakiwa. Akakaza macho mbele.

Ndipo mama mkwe aliposema kutoka nyuma, kwa sauti ileile ya upole aliyotumia kuombea chumvi mezani, "Baba, huyo mtu ana shida. Msikilize." Kisha, kabla fundi hajajibu, sauti ikabadilika. "Baba. Shali yangu inanivuta."

Fundi hakujua baadaye jinsi ya kueleza kilichompata wakati ule. Alisema tu kwamba masikio yaliziba. Mkono ulitaka kubana breki mara moja, na angebana, lakini kwenye kioo aliona lori, kubwa, limejaa mchanga, liko nyuma yao na linakuja. Wakati huohuo akamwona mtu wa mayai akifanya jambo ambalo hakulielewa mpaka walipokwisha kusimama. Alirudi nyuma yao, akajiweka katikati, kati yao na lile lori, akanyoosha mkono wake chini, akiupunga, polepole, polepole, akiliambia lori lipunguze. Lori likapiga honi yake kubwa. Yule bwana hakuondoka pale. Akafunga breki, trei zikayumba, lori nalo likalia breki zake, vumbi likatimka.

Nyuma ya ule ukuta mdogo wa mtu na mayai, fundi akapata nafasi. Akaachia mafuta, akabana breki taratibu, akatoka kwenye lami, akasimama. Alipogeuka, mama mkwe alikuwa ameinama kinyumenyume, mikono yote miwili imeshika shali shingoni kuizuia. Matamvua yalikuwa yamekwisha kuingia kwenye cheni, yamezungushwa, yameliwa, na kilichobaki kati ya cheni na shingo yake hakikutosha hata kufunga fundo.

"Usiwashe, usisukume!" Mtu wa mayai alikuwa amekwisha fika, anakimbia. "Una kitu cha kukatia?"

Fundi alikuwa nacho. Kwenye sanduku lake, aliloliweka juu ya tangi mbele yake, kulikuwa na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa. Vidole vyake vilikipapasa kishikizo cha sanduku bila kukifungua. Yule bwana akakifungua, akautoa, akaingiza ncha ya mkasi kwa uangalifu kati ya shali na shingo ya mama, akakata. Shali ikaachia. Mama akavuta pumzi ndefu, kisha akakohoa, kisha akasema, "Asante, mwanangu," akiutazama mti uliokuwa pembeni.

"Mama, shikamoo. Umeumia?"

"Marahaba. Sijaumia. Shingo inawaka tu."

Yule bwana akamgeukia fundi. Hakumfokea. Fundi alikuwa anangoja afokewe, hata alitamani. "Kaka, abiria wa kike akae mguu huku na mguu huku, nguo uzifunge mwenyewe kabla hujaondoka, hata akiwa nani. Na tia kifuniko hapo." Alionyesha cheni. Kisha akaongeza, "Na mtu akikupigia honi halafu asipite, jua ana jambo."

"Nilidhani..." fundi akaanza.

"Najua ulichodhani. Wapo wa hivyo." Akampiga bega, akarudi kwenye pikipiki yake. Alipoondoka fundi aliona mstari wa manjano unatiririka kwenye ubao wa nyuma ya keria na kudondoka barabarani. Aliuona, lakini akili yake haikuwa mahali pa kuelewa kitu. Waliondoka baada ya muda mrefu, mama amekaa mguu huku na mguu huku kama mwanaume, mikono kiunoni mwa mkwewe, nafasi ile ya mtoto mkubwa imetoweka kabisa. Habari ya kuoneana haya hakuna aliyeitaja tena.

Hospitali walifanya kazi yao. Jicho la kwanza, na baada ya kupumzika, la pili. Siku ya kutolewa bandeji familia nzima ilikuwepo. Mama mkwe alitazama dirisha kwanza, akatazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza juu na chini. Akamtazama binti yake, akalia kidogo, akamfuta binti naye machozi. Halafu akamtazama fundi kwa muda mrefu.

"Kumbe una mvi!" akasema. "Mimi nilimwoza binti yangu kwa kijana."

Wakacheka wote, na muuguzi naye.

Nyumbani alikuwa mtu mpya. Alisoma maandishi ya pakiti za unga kwa sauti. Aligundua tandabui kwenye dari ambazo binti yake aliapa hazikuwepo. Lakini kila jioni, wakikaa, alirudi pale pale. "Nimewaona wote," alisema. "Wajukuu nimewaona, jirani nimemwona, hata yule daktari nimemwona ana masikio makubwa. Yule aliyetusimamisha barabarani bado. Nina macho sasa, nayo ni kazi ya daktari. Lakini shingo ya kuyabeba aliniachia yeye. Nataka nimwone."

Fundi alitaka hivyo pia, kuliko alivyoweza kusema. Usiku usingizi ulikuwa ukimpaa akikumbuka namna alivyoongeza mafuta. Kila mara aliishia kwenye lile lori, na yule mtu amejiweka katikati. Alimshukuru Mungu, akamshukuru yule mtu, akajikuta hana hata jina la kumtaja katika dua.

Basi akaanza kuuliza. Kwa kuwa kazi yake ni kuingia nyumba za watu, aliuliza kila alikokwenda: mayai yenu mnanunua wapi, nani anayaleta? Waliomjibu wengi walimtazama kwa mashaka, fundi wa cherehani na mayai wapi na wapi. Mwishowe alifika kwenye duka moja la vyakula karibu na soko, mwenye duka mwanamke mnene mwenye miwani, na alipoeleza habari ya barabarani yule mwanamke akavua miwani yake.

"Kumbe ni nyinyi!" akasema. "Huyo ni Taratibu. Sisi wote tunamwita hivyo, anatuletea mayai. Siku hiyo alifika hapa trei za nyuma zote ni uji, nguo zake zinanuka. Nikamuuliza, Taratibu, leo umeanguka? Akasema hapana, nimefunga breki. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, kulikuwa na mtu ana mama yake. Basi. Siku nzima alizunguka kuwaeleza wateja wake kwamba leo hana."

Fundi alisimama pale kaunta. Ule mstari wa manjano ulimrudia. Alikuwa ameuona kwa macho yake mawili mazima, akamwacha mtu aende nao bila hata pole.

"Kesho asubuhi atakuja," mwenye duka akasema kwa upole. "Njoo."

Alikwenda, na alimkuta anafungua mipira ya keria. Bila helmeti alikuwa mtu wa makamo kama yeye, mfupi, kichwa kimenyolewa, viganja vipana. Fundi alikuwa amepanga maneno njiani, mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Yote yakapotea. Alimshika mkono akabaki ameushika.

"Mama anaona," ndiyo tu yaliyotoka. "Ametolewa mtoto wa jicho. Anaona, na anakutaka wewe."

Taratibu akatabasamu. "Basi tusimcheleweshe. Nimalize kushusha."

Alikuja mchana ule, akaegesha pikipiki yake kivulini kwa makini ya mtu anayemlaza mtoto. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuketi barazani tangu asubuhi, amevaa gauni lake la kutokea. Mgeni alipofika, mama hakungoja salamu. "Njoo hapa karibu. Inama. Ngoja nikuone." Akamshika mashavu kwa mikono miwili akamtazama kama mtu anayesoma barua ya mwanawe aliye mbali. Mkewe fundi aliacha kukanyaga cherehani.

"Una kovu hapa," mama akasema.

"Utotoni, mama. Niliangukia mlango."

"Na hukulala vizuri jana."

"Kweli, mama. Mtoto wangu anaota meno."

"Asante," akasema mama, akamwachia. "Sasa nimekuona. Sasa kaeni mpate kula."

Walikula, wakaongea. Fundi alijaribu kuleta habari ya mayai, malipo, samahani, lakini mgeni aliyasukuma mbali kama mtu anayefukuza nzi. "Kuku hawajagoma, kaka. Walitaga siku ya pili."

"Lakini kwa nini hukupita?" mkewe fundi akauliza. "Ungeweza kupita, ukamwonyesha kwa mbele."

"Ningepita nisingekuwa naiona ile shali tena, shemeji. Aliye nyuma ndiye anayeona. Nikipita, nimewaacha wao na lori." Akatafuna polepole. "Mimi mayai ndiyo yamenifundisha adabu. Ukibeba mayai huwezi kumpita mtu kwa hasira, huwezi kumkata mbele, huwezi kushindana. Na unaishi kwa huruma ya wanaokupita wewe. Lori likikupita karibu, ule upepo wake tu unaweza kukufanya kimanda. Kwa hiyo kila anayenipita vizuri namshukuru, na mimi nikimpita mtu nampita kama ningependa kupitwa."

"Na mimi nilikudhania mhuni," fundi akasema.

"Wengi hunidhania. Uso wangu ndani ya helmeti hauonekani. Ningekuwa naendesha nikitabasamu nje ya helmeti ingesaidia." Wakacheka.

Kabla hajaondoka alitaja kwa bahati tu kwamba dada yake ana cherehani iliyokaa stoo imekufa. Fundi aliruka kama ameitwa na mfalme. Jumamosi alikwenda. Panya walikuwa wamejenga ndani, wamezaa, wamehama. Alishinda huko siku nzima kwa furaha, na dada mtu alipoanza kukanyaga na mshono ukatoka ulionyooka, fundi alisikia kifuani kitu kikilegea ambacho kilikuwa kimekaza tangu barabarani. Hakujiona amelipa. Jambo lile halilipiki. Lakini alifurahi kuwa na mahali pa kupeleka mikono yake.

Pikipiki nayo ikapata kifuniko cha cheni, kipya, cheusi. Shemeji mtu wa vipuri ndiye aliyekifunga, akiguna muda wote. "Nilikufundisha hodi, nikasahau kukufundisha kuitikia," alisema, na mara hii hakucheka.

Mama mkwe alikaa mpaka macho yalipotulia, kisha akataka kurudi kwake. Mwanawe alimshonea suruali pana ya kuvaa chini ya gauni, akaiita suruali ya safari. Mama aliivaa, akajitazama kwenye kioo cha kabati, akasema laiti angeijua zamani. Asubuhi ya kuondoka fundi alimzungukia mwenyewe, akakunja mtandio wake na kuuingiza ndani ya koti, akafunga vifungo, akamvalisha helmeti na kukaza mkanda wake chini ya kidevu. Mama alisimama ametulia kama mtoto anayepelekwa shule.

Njia nzima hadi kituo cha mabasi alikuwa anasoma mabango. Alisoma majina ya maduka, bei za simu, matangazo ya saruji. Fundi alisikiliza sauti ile sikioni mwake akaona barabara haijawahi kuwa fupi hivi. Mara kijana mmoja akawapita kwa kasi, bila hodi, akarudi mbele yao mapema mno. Fundi alikaa kwenye mstari wake. Moyo ulishtuka, ukatulia.

"Baba!" mama akasema nyuma. "Yule kijana, ule mguu wa kusimamishia pikipiki yake umebaki chini. Akikata kona si utagota?"

Fundi akatazama. Kweli, stendi ilikuwa inaning'inia upande, na mbele kulikuwa na kona kali ya kuingia sokoni. Akapiga honi, fupi mbili. Kijana akatazama kioo, akaongeza mafuta.

"Anakimbia," mama akasema. "Kama wewe!"

"Kama mimi, mama."

Fundi akamfuata, siyo kwa pupa, taa akiwasha na kuzima. Akaja sambamba naye kwa mbali, upande wa katikati, akiwa amemwachia nafasi pana, akaonyesha chini, na nyuma yake mama mkwe naye akanyoosha mguu wake ndani ya suruali ya safari na kuukunja, akaunyoosha na kuukunja, ili aeleweke. Kijana aliwatazama kama wendawazimu. Akatazama chini. Mabega yake yakashuka, akapunguza mwendo, akaikunja stendi kwa kisigino kabla tu ya kona.

Kijana akainua mguu wake kidogo. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kufundishwa, aliinua wa kwake.

"Mama, shika vizuri tafadhali," fundi akasema.

"Nimeshika, baba. Wewe twende, basi litaniacha."